Hivi kalenda ya uchaguzi wa rais Marekani inaendaje? Mbona mchujo unachukua miezi yote hiyo?

Msikilizaji_wa_Redio

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye kuijua hii kitu vizuri anieleweshe, maana nafuatilia uchaguzi wa Marekani tangu ule wa Obama 2008 na mpaka leo kalenda yao inanichanganya. Januari unasikia Iowa wamepiga kura, wiki inayofuata New Hampshire, Machi kuna Jumanne Kuu ambayo majimbo mengi yanapiga mchujo kwa pamoja, Julai au Agosti vyama vina mikutano mikubwa na maputo yanashuka toka juu, halafu Novemba wanapiga kura tena, Desemba unasikia kuna wajumbe nao wanapiga kura, Januari nayo Bunge linahesabu. Sasa uchaguzi wenyewe ni upi hapo? Na nani anapanga hizo tarehe, ni tume gani? Na kwa nini majimbo yote yasipige mchujo siku moja wakamaliza?

---

Kibwana_Mtaratibu

Mkuu kwanza toa kichwani hilo wazo la tume, hakuna tume moja ya taifa inayoendesha uchaguzi kule. Ile FEC unayoisikia kazi yake ni kusimamia hela za kampeni, haigawi karatasi za kura wala haitangazi mshindi. Kura inaendeshwa na majimbo, na ndani ya jimbo wanaofanya kazi yenyewe mara nyingi ni maofisa wa kaunti. Ukilishika hilo mengine yote yanakaa sawa, kwa sababu kila tarehe unayoisikia ina mwenyewe wake tofauti.

Hizo kura za Januari mpaka mwanzoni mwa Juni ni za ndani ya vyama. Wademokrati wanatafuta mgombea wao, Warepublikani wanatafuta wao, na tarehe zinapangwa na serikali za majimbo au vyama vyenyewe vya kwenye majimbo, huku chama cha taifa kikiweka masharti kwamba fulani na fulani wanaruhusiwa kutangulia na wengine wote wasubiri. Kura ya Novemba ndiyo ya nchi nzima na yenyewe tarehe yake ipo kwenye sheria ya taifa toka mwaka 1845, Jumanne inayofuata baada ya Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo haiwezi kuwa mapema kuliko tarehe 2 wala kuchelewa kupita tarehe 8. 2016 ilikuwa tarehe 8, 2020 tarehe 3, 2024 tarehe 5, na 2028 itakuwa tarehe 7.

Watu wanauliza sana kwa nini wasiseme tu Jumanne ya kwanza. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya 1792 iliyosema kila jimbo lichague wajumbe wake wa kumchagua rais ndani ya siku 34 kabla ya Jumatano ya kwanza ya Desemba, ambayo ndiyo siku wajumbe walikuwa wanakutana, kwa hiyo kila jimbo lilikuwa na siku yake na matokeo ya huku yanasikika kule kabla wenzao hawajapiga. Bunge lilipoamua siku iwe moja, ukiweka Jumanne ya kwanza kuna miaka inaangukia Novemba 1 na hapo unapata siku 36, unatoka nje ya zile 34. Ndo maana wakaweka hiyo Jumatatu mbele. Na Jumanne yenyewe inaelezwa kwamba wakulima walikuwa wengi, mavuno yameisha, Jumapili watu wako kanisani, na mwendo wa farasi mpaka makao ya kaunti ulikuwa wa siku nzima, kwa hiyo Jumatatu ya kusafiri Jumanne ya kupiga kura.

---

Nyota_Njema

Ongeza hapo mkuu, kwenye mchujo mtu hapigi kura ya kumpa mgombea ushindi moja kwa moja, anampa WAJUMBE wa kwenda kwenye mkutano mkuu wa chama. 2024 Warepublikani walikuwa na wajumbe 2,429, anayetaka tiketi afikishe 1,215. Ukiangalia asilimia bila kuangalia wajumbe huwezi kuelewa kwa nini mtu anajitoa wakati kwenye tivii anaonekana bado yumo.

---

Msikilizaji_wa_Redio

Asanteni sana. Sasa hao wajumbe wanagawanywaje, na ni hao hao wanaopiga kura Desemba?

---

Nyota_Njema

Hapana, ni watu tofauti kabisa. Wa mchujo ni wa chama, kazi yao inaishia kwenye mkutano mkuu. Wa Desemba ni wale 538 wa kikatiba, hao atakueleza Kibwana.

Kugawana: Wademokrati nchi nzima wanagawana kwa uwiano, ila lazima upate angalau asilimia 15 ndo uhesabiwe. Warepublikani wanaruhusu jimbo lichague utaratibu, ila wakipiga mapema kabla ya katikati ya Machi wanatakiwa wawe na namna ya uwiano, baada ya hapo jimbo linaweza kusema mshindi anazoa wote. Na hapa ndo utaona kalenda ina meno. Machi 15, 2016 pale Florida, Trump alikuwa hajafika hata nusu ya kura, lakini alizoa wajumbe wote 99, na mpinzani wake Marco Rubio, seneta ambaye Florida ndo kwao, akajitoa usiku uleule. Kura zilezile zingepigwa Februari kwa uwiano Rubio angetoka na fungu lake.

---

Mama_Zuu_MN

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naishi Minneapolis na nina uraia, napiga kura huku, wacha niwaeleze inavyokuwa kwa mpiga kura wa kawaida maana mkisoma kwenye habari mnaona mambo makubwa makubwa tu.

Kwanza mchujo sio mmoja. Hapa Minnesota mchujo wa urais tunapiga Machi siku ya Jumanne Kuu, 2024 ilikuwa Machi 5, halafu mchujo wa nafasi nyingine kama wabunge ni Agosti, mwaka ule ilikuwa Agosti 13, halafu Novemba ndo uchaguzi mkuu. Yaani mtu anaitwa kituoni mara tatu mwaka mmoja na wengi wanachoka, ile ya Agosti watu wanakuwa wachache mno na mimi inaniuma kwa sababu kuna maeneo mengi ya mjini hapa mshindi wa Agosti ndo tayari ameshinda, Novemba inakuwa ni kukamilisha tu. Majimbo mengine kama Texas wanaweka zote pamoja Machi.

Pili ishu ya chama. Minnesota hatujiandikishi kwa chama, ila ule mchujo wa urais lazima uombe karatasi ya chama kimoja, na ukishachagua vyama vinapata kujua umechukua ya nani, hawajui umempigia nani ila chama ulichochagua wanajua. Kuna watu hawapendi kabisa hiyo na wanabaki nyumbani. Ukienda Florida, New York au Pennsylvania huko wamefunga, kama hujajiandikisha kuwa mwanachama kabla ya tarehe yao huruhusiwi kupiga kwenye mchujo wao hata uwe raia wa miaka mingi. Sasa hapo watu wanakosa kura yao kwa sababu ya tarehe ambayo hakuna aliyewaambia, maana ya kubadilisha chama huwa inakuja mapema kabla watu hawajaanza hata kufuatilia kampeni.

Na Novemba 5 msidhani ndo siku watu wanaanza kupiga. Huku kwetu mlango unafunguliwa siku 46 kabla, na wanajeshi na raia walioko nje ya nchi sheria ya taifa inataka watumiwe karatasi angalau siku 45 kabla. Mimi huwa napiga Oktoba nikamaliza. Ukisikia mgombea kaharibu wiki ya mwisho ujue mamilioni wameshapiga zamani.

---

Kibwana_Mtaratibu

Asante dada, hiyo ya mara tatu ni kitu watu wa nje hatukioni kabisa.

Sasa nirudi kwa swali la kwa nini wasipige siku moja. Historia yake ni hivi. Zamani mchujo ulikuwepo kwenye majimbo machache na haukuwa na nguvu, wakubwa wa chama ndo walikuwa wanapanga mgombea mkutanoni. 1968 Hubert Humphrey, aliyekuwa Makamu wa Rais, alipata tiketi ya Democratic bila kushindana kwenye mchujo hata mmoja, mwaka ambao mgombea mwenzake Robert Kennedy ameuawa Juni baada tu ya kushinda California, vijana wanapinga vita vya Vietnam, na mkutano wa Chicago ukaisha polisi wanapiga watu barabarani. Baada ya hapo chama kikaunda kamati, ikaongozwa na seneta McGovern kisha mbunge Fraser, ikasema wajumbe wapatikane kwa njia iliyo wazi na wanachama washiriki. Majimbo mengi yakaona njia rahisi ni kuandaa mchujo, na Warepublikani wakajikuta humo humo kwa sababu sheria za majimbo zilikuwa zinagusa vyama vyote.

Iowa yenyewe ilijikuta mbele 1972 kwa sababu utaratibu wao una ngazi nyingi, kokasi za mitaa, yaani mikutano ya wanachama ya kuchagua mgombea, halafu kaunti, halafu wilaya, halafu jimbo, ikabidi waanze mapema. 1976 Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia ambaye wengi walikuwa hawamjui, akaenda kuzunguka huko nyumba kwa nyumba. Waliosema hawajaamua ndo walikuwa wengi kuliko wote, yeye akafuata, lakini kati ya wenye majina alikuwa wa kwanza na magazeti yakamvumisha, mwisho wa siku akawa rais. Toka hapo wagombea wengi wakawa wanakimbilia Iowa. New Hampshire nao wamekuwa wa kwanza kwa kura ya mchujo toka 1920 na wana sheria ya jimbo inayowataka watangulie angalau siku saba mbele ya mchujo wowote unaofanana na wao, kwa hiyo ukisogeza na wao wanasogeza. 2024 chama cha Democratic kiliamua South Carolina ianze, New Hampshire wakakataa wakapiga Januari 23 kama kawaida yao, jina la Biden halikuwepo hata kwenye karatasi na bado akashinda kwa watu kuandika jina lake kwa mkono.

Msimamo wangu mimi, huu utaratibu unawapa watu wachache sana sauti kubwa sana. Iowa ina watu milioni 3 na kidogo, wakati California ina karibu milioni 39, na kwa miaka mingi California walikuwa wanapiga Juni wakati mambo yameshaisha. Mpiga kura wa Juni anakuta majina yameshafutwa na watu ambao hawafanani naye maisha yake.

---

Nyota_Njema

Hapo mkuu nakupinga kwa heshima. Ukiweka majimbo yote siku moja anayeshinda ni mwenye hela ya matangazo ya tivii nchi nzima na jina ambalo tayari linajulikana, basi. Carter asingekuwepo. Obama 2008 alianza kushika kasi Januari 3 Iowa, jimbo ambalo weusi ni wachache sana, na baada ya hapo watu wengi weusi South Carolina wakaona kumbe huyu anaweza kushinda kweli. Angetakiwa kushindana na Hillary Clinton majimbo yote kwa siku moja, na jina la Clinton lilivyokuwa kubwa, sioni angetokea wapi. Badala yake ilienda jimbo kwa jimbo mpaka Juni 3.

Na kutangulia sio kuamua. Biden 2020 alikuwa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, watu wameshaanza kumzika kisiasa. Akashika nafasi ya pili Nevada. Halafu Jim Clyburn, mbunge mweusi wa South Carolina mwenye ushawishi mkubwa, akamuunga mkono, Februari 29 South Carolina ikampa karibu nusu ya kura, ndani ya siku mbili wapinzani wake Buttigieg na Klobuchar wakajitoa, na Machi 3 kwenye Jumanne Kuu akachukua majimbo 10. Hiyo nafasi ya kujirekebisha inatoka kwenye kupishana kwa tarehe. Tatizo langu mimi ni nani anatangulia, hilo ndo libadilike, wapokezane. Kupishana kwenyewe kuna faida yake.

---

Mama_Zuu_MN

Nyota naungana na wewe nusu. Wapokezane sawa, ila kokasi zife kabisa. Minnesota mpaka 2016 tulikuwa tunatumia kokasi kwenye urais, ni mkutano wa jioni, lazima uwepo saa ile ile, huna mtu wa kumwachia watoto au uko zamu ya usiku hospitali basi umepoteza. Walibadilisha sheria na 2020 tukapiga mchujo wa kawaida, kituo kiko wazi toka asubuhi na unaweza hata kupiga kwa posta. Hao wanaosifia kokasi kwamba watu wanajadiliana uso kwa uso waulizeni nani anabaki nje ya huo mlango.

---

Zamani_Mwalimu

Nimesoma wote mmeeleza vizuri. Naomba kuuliza na mimi, 2024 Biden alishinda mchujo akajitoa, Kamala Harris akawa mgombea bila mchujo. Hiyo kalenda inaruhusu?

---

Nyota_Njema

Shikamoo mwalimu. Inaruhusu, kwa sababu mchujo unatoa wajumbe na mgombea rasmi anapatikana pale wajumbe wanapopiga kura. Biden alijitoa Julai 21, wajumbe walikuwa bado hawajapiga, kwa hiyo wakawa huru. Wakapiga kwa mtandao, wakamaliza Agosti 5, kabla hata ya mkutano wa Chicago uliokuwa Agosti 19 mpaka 22. Kilichowaharakisha ni tarehe za majimbo za kupokea majina ya wagombea, Ohio mwanzo ilikuwa inataka majina kufikia Agosti 7, baadaye wakasogeza kwa sheria lakini chama hakikutaka kuhatarisha. Hizo tarehe za kuingiza jina kwenye karatasi hazipigiwi kelele ila ndo zinazobana kweli kweli.

Na kama ulijiuliza kwa nini Warepublikani walitangulia Milwaukee Julai, ni desturi tu, chama kilichoko Ikulu kinafanya mkutano wake wa pili.

---

Zamani_Mwalimu

Marahaba, nimekupata. Basi Kibwana tumalizie ya Novemba mpaka Januari, maana vijana wangu wengi wanaamini televisheni ndiyo inatangaza rais.

---

Kibwana_Mtaratibu

Mwalimu shikamoo. Televisheni na mashirika ya habari wanafanya makadirio tu, hayana nguvu ya kisheria hata chembe. Kinachofuata baada ya Novemba ni hivi, kila jimbo linahesabu na kuthibitisha matokeo yake, na chini ya sheria ya 2022 gavana au ofisa aliyepewa jukumu hilo anatoa hati ya wajumbe wa jimbo siku sita kabla wajumbe hawajakutana. Wajumbe ni 538, yaani idadi ya Baraza la Wawakilishi 435, maseneta 100, na 3 wa mji wa Washington ambao walipewa haki hiyo na rekebisho la 23 la katiba mwaka 1961. Mshindi ni 270. Karibu majimbo yote anayeongoza anachukua wajumbe wote, Maine na Nebraska tu ndo wanagawa kwa wilaya za bunge. Puerto Rico na Guam wanapiga kwenye mchujo lakini Novemba hawana mjumbe hata mmoja, na hao ni raia wa Marekani kabisa, hili linanisikitisha kila nikilisoma.

Wajumbe wanakutana kila mmoja kwenye jimbo lake, hawakusanyiki sehemu moja, Jumanne inayofuata baada ya Jumatano ya pili ya Desemba. 2024 ilikuwa Desemba 17, na 2028 itakuwa Desemba 19. Januari 6 Kongresi inafungua hati na kuhesabu, Makamu wa Rais akiwa amekalia kiti. Baada ya yale ya Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipovamia jengo la Kongresi wakati wa kuhesabu, ndo wakatunga hiyo sheria ya 2022, ikasema wazi kwamba kazi ya Makamu pale ni ya utaratibu tu hana mamlaka ya kukataa kura, na pingamizi ambalo zamani lilihitaji mbunge mmoja na seneta mmoja sasa linahitaji moja ya tano ya kila baraza. Januari 20 saa sita mchana muhula wa zamani unakatika hapo hapo, iwe sherehe imefanyika au haijafanyika.

Zamani ilikuwa Machi 4, na huo mwanya ulikuwa wa hatari. Lincoln kachaguliwa Novemba 1860, mpaka anaapishwa Machi 1861 majimbo saba yameshajitenga na rais anayeondoka hana la maana alilofanya. Roosevelt naye kachaguliwa Novemba 1932, mabenki yanaanguka, na ikabidi asubiri miezi minne. Rekebisho la 20 lilipita 1933 na yeye ndo akawa wa kwanza kuapishwa Januari 20, mwaka 1937.

---

Msikilizaji_wa_Redio

Wakuu nimeelewa kuliko miaka yote. La mwisho, ikitokea hakuna aliyefika 270?

---

Kibwana_Mtaratibu

Inaenda Baraza la Wawakilishi, lile jipya lililoapishwa Januari 3, na wanachagua kati ya watatu wa juu kwa kura za wajumbe. Hapo kila jimbo linakuwa na kura moja, California moja na Wyoming moja, anayefika 26 ndo rais. Seneti inachagua Makamu kati ya wawili wa juu. Ilitumika baada ya uchaguzi wa 1824, Andrew Jackson alikuwa anaongoza kwa kura za wananchi na za wajumbe lakini Februari 1825 Baraza likamchagua John Quincy Adams. Na kama Januari 20 imefika Baraza bado halijaamua, Makamu aliyechaguliwa na Seneti anakaa kwenye kiti mpaka wamalize.